Gari la Safari Rally Juu ya Meza ya Chakula

Je, mama mwenzetu, umewahi kuona vigari vidogo vya umeme vikishindana juu ya barabara ya plastiki, kila kimoja kikifuata mfereji wake? Hapa Uingereza huu ni mchezo wa miaka mingi. Wengi huuita kwa jina la kampuni moja, Scalextric, kama vile huko nyumbani watu wanavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Kigari cha mfereji kina ulimi mdogo wa plastiki chini ya pua yake. Ulimi huo huingia mferejini na kukiongoza njia nzima, maana usukani hakina. Kandokando ya mfereji kuna reli mbili nyembamba za chuma, na ndani yake unapita umeme mdogo wa volti 12 hivi. Misuko miwili ya nyuzi za shaba, iliyo pande mbili za ulimi, inagusa reli hizo na kupeleka umeme kwenye mota. Mchezaji hushika kidhibiti mkononi. Akikibonyeza, gari linakwenda. Akibonyeza zaidi, linakwenda kasi. Akiachia, linapunguza mwendo. Ni hayo tu. Lakini asiyejua kuachia mapema kabla ya kona ataliona gari lake likiruka na kuangukia zuliani, huku wenzake wakipita.

Sisi tunaoandika makala hii ni akina mama watano. Wanne tumetoka Kenya na Tanzania, na mmoja Bukavu. Tunaishi katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, na kila Jumamosi alasiri tunakutana na watoto wetu katika ukumbi wa kanisa. Tuseme wazi kwamba hatukuanza jambo hili kwa kupenda magari. Tulianza kwa sababu wavulana wetu walikuwa wamefika umri ule ambao mtoto anakula chakula chake kwa dakika saba, anasema "Asante, mama," na kurudi chumbani kufunga mlango. Mama anayelea mtoto ugenini anajua jinsi mlango huo unavyosumbua. Nyumbani kungekuwa na mjomba, au babu, au fundi wa baiskeli pale njiani ambaye mtoto angekaa naye akimtazama. Hapa kuna mama, na mama anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi.

Basi mzee mmoja wa kanisa letu, fundi mstaafu ambaye alishindana na vigari hivi tangu ujana wake, akatuletea barabara yake ya plastiki katika maboksi matatu. Akaipanga sakafuni, akawapa watoto vidhibiti. Siku ile hakuna mtoto aliyeuliza saa ngapi tunarudi nyumbani.

Vitana na magari ya bati

Mchezo huu una historia ya kufurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza mmoja aitwaye Fred Francis alikuwa akitengeneza magari ya bati ya kuchezea yaitwayo Scalex. Yalikwenda kwa nguvu ya springi, kama saa ya kutia ufunguo. Baadaye akayatia mota ya umeme na kuyatengenezea barabara yenye mfereji, na mwezi wa Januari mwaka 1957 akayaonyesha katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Jina Scalextric ni lile la Scalex lililounganishwa na neno la Kiingereza la umeme. Mwaka uliofuata aliiuza kampuni yake kwa kampuni kubwa zaidi, Lines Bros.

Upande wa pili wa hadithi ni wa modeli za plastiki, yaani yale magari, ndege na meli zinazouzwa vipande vipande ndani ya kisanduku ili mnunuzi aziunge mwenyewe kwa gundi. Hapa Uingereza jina kubwa ni Airfix. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu aliyetoka Hungaria. Baada ya vita, unajua ilikuwa ikitengeneza nini? Vitana! Mashine ile ile iliyosukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu ya kitana ndiyo iliyokuja kutengeneza modeli. Mwaka 1949 Airfix ilitengeneza trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa matrekta, na mwaka 1952 ikaanza kuuza meli ya Golden Hind katika maduka ya Woolworth, vipande vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mwaka 2006 Airfix ilinunuliwa na Hornby, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa na Scalextric pia, kwa hiyo kitana na gari la bati vikawa ndugu wa nyumba moja.

Mambo haya mawili yalikutana mapema. Katika miaka ya 1960 magari ya mfereji yaliyouzwa tayari yalikuwa ya aina chache. Mtu aliyetaka gari jingine, labda kama la baba yake, alinunua modeli ya plastiki iliyokusudiwa kupamba rafu, akaitoa sakafu, akaitia mota na kuipeleka mashindanoni. Kule Marekani, katikati ya miaka hiyo, mchezo ulishika moto hasa. Palikuwa na kumbi zenye barabara ndefu ambako vijana walilipa ili kukimbiza magari yao, na kampuni za modeli kama Revell, Monogram na Cox zikauza visanduku vyenye mota ndani. Kabla ya mwaka 1970 kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa. Lakini watu wa kujijengea hawakuisha, na mzee wetu ni mmoja wao. Yeye husema gari la dukani ni la kampuni, lile la kujenga ni lako.

Tusisahau kwamba sisi wenyewe tumekulia kati ya mafundi. Ni nani kati yetu hakuwa na kaka aliyetengeneza gari la waya, matairi yake yamekatwa kwenye ndara zilizochakaa, akaliendesha kwa waya mrefu hadi dukani kwa sukari? Watoto wetu wa hapa hawakuwahi kufanya hivyo. Walipoona kisu, msasa na gundi vimewekwa mezani waliuliza kama wanaruhusiwa kuvigusa.

Kisanduku cha juu ya kabati

Mwenzetu mmoja ni mjane. Kwa muda mrefu alikuwa na kisanduku juu ya kabati lake la nguo, bado kikiwa na karatasi yake ya nailoni. Ndani yake mlikuwa na modeli ya kampuni ya Kijapani ya Hasegawa, ya kipimo cha 1/24, maana yake gari halisi ni refu mara 24 kuliko hilo. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lile jekundu lenye boneti nyeusi lililoshinda East African Safari ya mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, mwenzake akiwa Hans Schüller.

Wasomaji wetu wa umri fulani wanakumbuka Safari ya siku zile. Ilikuwa shughuli ya Pasaka. Watu walitoka ibadani wakaenda moja kwa moja kusimama kando ya barabara, na magari yakapita yakirusha matope, au vumbi, kutegemea mvua. Baba mkwe wa mwenzetu alikuwa mmoja wa watu hao, na hadithi zake zilimkuza mume wa mwenzetu. Naye alipopata mtoto wa kiume akamnunulia kisanduku hicho, akasema, "Pasaka nikiwa likizo tutalijenga, mimi na wewe." Mtoto alikuwa na miaka kumi. Mwezi wa Februari, baba yake alianguka kazini, na hakuamka tena.

Kisanduku kikawekwa juu ya kabati. Mama alikipangusa vumbi kila mwezi. Mtoto hakukiuliza, na mama hakukitaja, na hivyo ikapita miaka miwili na nusu.

Halafu Jumamosi moja kijana akaingia ukumbini akiwa nacho kwapani. Mama yake hakuwa na habari. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee na kumwuliza, "Hili linaweza kukimbia?"

Mzee alikigeuza kisanduku, akatazama picha kwa muda. Akamjibu kwa ukweli kwamba linaweza, ila litakatwa. Sakafu yake yote itatoka, viti vitapunguzwa, na baada ya hapo halitaweza tena kuwa kama picha ya juu ya kisanduku. "Si mimi wa kuamua," akasema. "Wala si wewe peke yako. Nenda ukamwulize mama."

Hapo ndipo sisi watano tulipogawanyika, na tulibishana kweli kweli jikoni mwa ukumbi, chai ikipoa. Wawili wetu walisema kisanduku ni kumbukumbu, kibaki kilivyo. Modeli nyingine ya kukata inaweza kununuliwa, bei yake haizidi sana ile ya viatu vya shule. Wengine tukasema kwamba mtoto hajaomba modeli yoyote, ameomba hii. Mwenye mtoto alinyamaza. Akakaa na jambo lile juma zima. Jumamosi iliyofuata akamwambia mwanawe mbele yetu, "Baba yako alisema mtalijenga. Hakusema mtalitunza. Lakini mezani nitakaa mimi."

Mtoto akasema, "Sawa, mama."

Naye, kama mama zetu walivyozoea kuwaita watoto wa kiume, akamjibu, "Haya baba, fungua."

Kupima kabla ya kukata

Ukifungua kisanduku cha namna hii utaona vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama ndizi kwenye mkungu. Usivikonyoe kwa mkono. Kata kila kimoja kwa kikoleo kidogo au kisu pale unapokihitaji, kisha ulainishe kidonda chake kwa msasa. Kabla ya hapo, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta kidogo yanayokataa rangi. Kazi hiyo ya kwanza ilifanyika kwenye sinki la jikoni, na mama aliifanya bila kufundishwa.

Gari la kupamba rafu linahitaji kupendeza tu. Gari la mfereji lina magari mawili ndani yake, la juu na la chini. La juu ni bodi, yaani ile plastiki uliyoinunua. La chini ni chasisi, yenye mota, ekseli, gia na ulimi, nayo hainunuliwi kwenye kisanduku kile. Mafundi wa zamani kama mzee wetu huiunda wenyewe kwa vijibomba na bati la shaba ya manjano, wakiviunga kwa risasi ya kulehemu. Kwa anayeanza tunashauri anunue chasisi iliyo tayari, ya aina inayoweza kurefushwa na kufupishwa.

Irefushwe mpaka wapi? Hapo kijana alichukua penseli. Datsun 240Z halisi ina milimita 2,305 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gawanya kwa 24 upate milimita 96. Upana wake ni milimita 1,630, gawanya tena, upate 68. Mifereji miwili ya barabara ya Scalextric imeachana kwa milimita 78 hivi, kwa hiyo magari mawili kama hili yakienda sambamba yanaachiana sentimita moja tu, na kwenye kona mkia ukicheza yatagongana. Mtoto huyu shuleni alikuwa akiletewa barua kuhusu hesabu. Siku ile aligawanya kila kitu kilichokuwa mezani kwa 24, hata urefu wa mama yake.

Kisha ikaja kazi ya kukata. Sakafu ya modeli imechongwa vizuri, ina bomba la moshi na springi zake, na yote hayo lazima yatoke ili chasisi ipate nafasi. Viti navyo ni virefu mno kwenda chini, vinagonga mota. Vilikatwa vikabaki vya juu tu, kiasi cha kuonekana dirishani. Dereva na msoma ramani wake walitoka katika boksi la vipuri la mzee, nao wakakatwa kifuani. Ukichungulia ndani unaona watu wawili wazima, ukigeuza gari unaona hawana miguu. Mama ndiye aliyeshika bodi, na mwanawe akashika msumeno mdogo. Ulipokwisha kupita upande wa kwanza, mama alifumba macho kidogo. Upande wa pili hakufumba.

Bodi na chasisi hushikana kwa skrubu. Ndani ya bodi hubandikwa vinguzo vya plastiki, na hapa gundi ya kawaida ya modeli haitoshi. Tumia ile ya sehemu mbili inayochanganywa, uiache hadi kesho yake. Skrubu zikishakaza, zilegeze kama nusu mzunguko. Bodi inayotikisika kidogo hunyonya mtetemo na gari hutulia njiani. Ilituchukua muda kuamini neno hilo, lakini ni kweli.

Matairi ya kisandukuni hayafai. Ni magumu, yanateleza. Nunua ya mpira laini yaliyotengenezwa kwa mchezo huu, pamoja na rimu zake, halafu chukua ile sura ya rimu ya modeli, ipunguze kwa msasa na uibandike kwa nje. Hapo gari litakuwa na magurudumu ya Datsun na miguu ya mashindano.

Gia ndogo ya mota ilikuwa na meno 9 na ile ya ekseli ya nyuma 27. Mota ikizunguka mara tatu, gurudumu linazunguka mara moja. Ili gia zisikabane sana wala zisiachane, mzee aliweka ukanda mwembamba wa karatasi kati yake, akazisogeza zikagusana, kisha akaivuta karatasi. Baada ya hapo kijana akarudi kwenye penseli. Ikiwa mota inazunguka mara 18,000 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 6,000. Na kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 26, gari lingekwenda karibu kilometa 29 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Zuliani na kwenye kona mambo ni mengine.

Mambo ya kumhofisha mama

Tunajua kuna msomaji anayejiuliza kuhusu visu na gundi. Ni haki yake. Gundi ya modeli huunga kwa kuyeyusha plastiki, na mvuke wake si wa kuvutwa puani. Madirisha yafunguliwe, kizibo kirudishwe kila mara, na mtoto asifungiwe chumbani na gundi. Rangi ya kupuliza tulipulizia nje, uani, siku isiyo na upepo. Kisu kikali ni salama kuliko kisu butu, kwa sababu butu hulazimisha mkono kusukuma; hata hivyo chini ya miaka kumi mtu mzima ndiye akate. Kulehemu ni kazi ya mkubwa. Vipande vya risasi vinavyobandikwa chini ya gari ili kulipa uzito vishikwe na mkubwa pia, mikono ioshwe, na visiachwe mezani wakati wa chakula.

Kuna jambo moja ambalo hatulichukulii kwa wepesi hata kidogo. Magari mengi ya kiwandani yana sumaku ndogo yenye nguvu inayoyavuta chini yashike reli. Mtoto mdogo akimeza sumaku mbili zinaweza kuvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Ikiwa una mtoto anayetambaa, sumaku zisiwepo nyumbani, au ziwe mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kuona. Gari letu halina sumaku. Mzee hazipendi, anasema zinamfanya dereva kuwa mvivu.

Kuhusu rangi hatukuwa na hofu ila subira. Tabaka nyembamba, kukausha, msasa laini, tabaka nyingine. Kwanza nyeupe, ili nyekundu ing'ae. Nyekundu ilipokauka, bodi yote ilifunikwa kwa utepe na karatasi, ikaachwa boneti peke yake kwa ajili ya nyeusi. Kijana alitaka kuufungua utepe usiku ule ule. Mama alikipeleka kibodi chumbani kwake akalala nacho.

Stika za modeli hizi huloweshwa majini hadi zilegee kwenye karatasi yake, kisha huteleza kwa kidole hadi mahali pake. Vidole vya kijana vilikuwa vikubwa kwa kazi hiyo na pumzi yake ilikuwa ikizipeperusha. Mama yake, ambaye kwa miaka mingi alishona nguo za watu Nakuru kabla ya kuja huku, alizibandika zote kwa ncha ya sindano. Vioo vya madirisha vilishikwa kwa gundi nyeupe ya karatasi, kwa kuwa gundi kali huvitia ukungu usiofutika.

Majuma tisa yalipita hivyo, jioni mbili kila juma, juu ya meza ya chakula iliyotandikwa magazeti. Mwenzetu anatuambia kwamba jioni za kwanza walizungumza habari za skrubu tu. Katika juma la nne au la tano mtoto akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye msasa, kama baba yake alikuwa akipiga kelele usingizini, maana yeye anakumbuka kelele hizo na hajui kama aliziota. Mama akamwambia kwamba ndiyo, alikuwa akiota anapiga mpira, akirusha mateke kitandani. Walicheka mpaka ikabidi waweke gari chini. Baada ya hapo maswali yaliendelea, moja moja, mengine magumu. Mengine mama hakuwa na jibu lake, akasema hivyo.

Barabarani

Siku ya kulijaribu tulikuwa wote, na watoto wote, na mzee akiwa amevaa tai. Gari likawekwa mferejini, kijana akabonyeza kidhibiti, nalo likarudi nyuma! Watoto walipiga kelele za furaha. Ni jambo dogo: nyaya mbili zinazotoka kwenye ulimi zilikuwa zimebadilishana. Zilipogeuzwa, gari likaenda mbele.

Halikuwa na kasi kama magari ya dukani. Bodi ya modeli ni nzito, na uzito wake uko juu, hivyo kwenye kona gari hupenda kulalia ubavu. Mzee akaongeza kipande cha risasi nyuma ya ulimi, akashusha bodi kidogo ibaki chini yake nafasi ya milimita moja na kitu juu ya reli, akayasugua matairi ya nyuma juu ya ubao uliobandikwa msasa ili yawe bapa. Likatulia. Kijana akalizungusha mara kumi, kumi na tano, uso wake umekazwa kama mtu anayebeba maji kichwani. Kisha akamkabidhi mama yake kidhibiti.

Mama alibonyeza mno. Datsun ikaruka kwenye kona ya mlangoni, ikabingirika mara mbili, ikasimama chini ya kiti cha mchungaji. Ukumbi ukawa kimya. Sote tulikuwa tunajua lile ni gari la nani.

Kijana alikwenda akaliokota. Kioo kimoja cha pembeni kilikuwa kimevunjika, na taa moja ya mbele. Akakigeuza kile kipande cha taa kiganjani, akakitia mfukoni, akalirudisha gari mferejini. "Achia mapema, mama," akasema. "Pale kwenye kiungo cheupe, achia."

Tangu siku hiyo gari hilo limeanguka mara nyingi. Vioo vya pembeni havirudishwi tena. Wajenzi wengi huviacha tangu mwanzo au huvitengeneza kwa mpira unaopinda, nasi tunakushauri hivyo hivyo. Rangi imechubuka puani. Kabla ya kila mbio misuko ya ulimi hunyooshwa kwa kidole, na matairi husafishwa kwa kuyaviringisha juu ya utepe wa gundi hadi vumbi litoke. Mafuta tone moja kwenye ekseli, si zaidi, maana likirukia matairi gari litateleza siku nzima.

Mwenzetu kutoka Bukavu sasa naye amenunua kisanduku, kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi na mmoja, ambaye anataka gari la bluu na hataki kusikia habari za rangi nyingine. Hawajafika kwenye chasisi. Jumamosi iliyopita walikuwa kwenye sinki la ukumbi na sabuni ya vyombo, na kijana wa Datsun alikuwa amesimama kando yao na rula, akimwambia binti yule asikate kitu chochote mpaka amepima mara mbili.